SOMO LA AFYA: KANSA YA TITI IMETIBIWA, MBONA MAUMIVU HAYAISHI?

Ndugu wasomaji, somo letu la leo linawahusu akina mama waliotibiwa kansa ya titi. Linawahusu pia waume zao, watoto wao na majirani zao. Wanaume msigeuze ukurasa. Mwanamume naye hupata kansa ya titi, ingawa ni mara chache. Tena mama akishindwa kulima, ni nyumba nzima inayopata njaa.

Kansa ndiyo ile inayoitwa saratani vitabuni. Shirika la Afya Duniani linasema kwamba mwaka 2022 wanawake wapatao milioni 2.3 duniani waligunduliwa kuwa na kansa ya titi. Hapa kwetu Tanzania, kwa wanawake, kansa hii inafuata baada ya kansa ya shingo ya kizazi. Ikigunduliwa mapema inatibika. Wako akina mama waliotibiwa Ocean Road kule Dar es Salaam, Bugando kule Mwanza, au KCMC kule Moshi, na leo wapo vijijini wanaishi.

Lakini liko jambo ambalo wengi wao hawakuelezwa walipokuwa wanatoka hospitali. Kidonda kinapona, kovu linakauka, lakini maumivu yanabaki. Yanabaki kifuani, kwapani, begani, au upande wa ndani wa mkono. Miezi 3 inapita, mwaka unapita, bado yapo. Haya ndiyo tunayoyaita maumivu sugu.

Je, ni watu wachache wanaopata maumivu haya? La! Huko Denmark waliulizwa wanawake zaidi ya 3,000, miaka 2 hadi 3 baada ya kupasuliwa. Matokeo yalitangazwa mwaka 2009. Katika kila wanawake 100, wanawake 47 walisema bado wanaumwa. Hiyo ni karibu nusu. Kwa hiyo mama, kama unaumwa, hauko peke yako. Hujalaaniwa, wala si mvivu.

MAUMIVU HAYA YANATOKA WAPI?

Kansa ya titi hutibiwa kwa njia kadhaa. Kila njia inaweza kuacha maumivu yake.

1. Upasuaji. Daktari anapoondoa titi, au uvimbe, au tezi za kwapani, huenda mishipa midogo ya fahamu ikakatwa au ikavutwa. Mishipa ya fahamu ndiyo inayopeleka habari za maumivu kwenye ubongo. Uko mshipa mmoja unaopita kwapani kwenda upande wa ndani wa mkono. Huo huguswa mara nyingi. Ndiyo maana sehemu hiyo hufa ganzi, au huchoma kama pilipili, au hupiga kama shoti ya umeme.

2. Mionzi. Mionzi huua kansa, lakini pia hukaza ngozi na nyama za kifua. Bega linakuwa gumu. Ugumu huo unaweza kuja polepole, hata baada ya miezi mingi.

3. Dawa za kuua kansa zinazoingizwa mwilini kwa mshipa. Baadhi yake huacha ganzi na moto kwenye vidole vya mikono na nyayo za miguu.

4. Vidonge vya kunywa miaka mingi. Baadhi yake huleta maumivu ya viungo, kama vile magoti na vidole. Lakini sikiliza: usiviache mwenyewe! Vidonge hivyo vinazuia kansa isirudi. Mweleze daktari, naye atatafuta njia.

5. Kuvimba mkono. Tezi za kwapani zikiondolewa, maji ya mwili hukosa njia nzuri ya kupita. Mkono unaweza kuvimba na kuwa mzito.

MFANO WA MBWA WA NYUMBANI

Sasa tujiulize. Kidonda kimepona, daktari amepima, hakuona kansa. Mbona mwili bado unalia?

Fikiria mbwa anayelinda nyumba. Usiku mmoja fisi aliingia zizini akaua mbuzi. Mbwa akabweka sana, na alikuwa na haki ya kubweka. Fisi akafukuzwa. Lakini tangu usiku ule mbwa yule hana raha. Jani likianguka, anabweka. Mtoto akienda chooni, anabweka. Kuku akijitikisa, anabweka. Je, mbwa yule ni mwongo? Hapana. Anabweka kweli, na watu hawalali kweli. Ila sasa anabweka hata pale ambapo fisi hayupo.

Mishipa ya fahamu na ubongo hufanya vivyo hivyo. Kazi ya maumivu ni kutulinda. Baada ya kansa, kisu na mionzi, ulinzi huo huwa mkali kupita kiasi. Nguo ikigusa kovu, mwili unapiga kelele. Ukiinua mkono kidogo, mwili unapiga kelele. Hofu, usingizi mbovu na mawazo mengi humfanya mbwa huyu azidi kubweka.

Mbwa wa namna hii hauawi. Hufundishwa polepole mpaka ajue kwamba jani ni jani tu. Mwili nao hufundishwa. Dawa inasaidia, lakini haimfundishi mbwa peke yake. Yanahitajika mambo mawili zaidi: kuelewa maumivu, na kurudisha mwili kwenye kazi kidogo kidogo.

MAZUNGUMZO YA MFANO

Someni mazungumzo haya kwa sauti darasani. Mmoja awe Mama, mwingine awe Muuguzi.

MUUGUZI: Shikamoo, mama. Karibu kiti.

MAMA: Marahaba, mwanangu. Ahsante. Nimekuja na mkono wangu huu, utaniua.

MUUGUZI: Pole sana, mama. Unauma vipi?

MAMA: Niliambiwa nimepona. Huu ni mwaka wa pili. Lakini kwapa linachoma. Nguo ikigusa kovu ni moto mtupu. Tena kuna jambo naona haya kulisema.

MUUGUZI: Sema tu, mama. Hapa tuko wawili.

MAMA: Lile titi walilokata, usiku nalisikia linawasha. Titi halipo, linawashaje? Jirani yangu anasema nimechezewa.

MUUGUZI: Hujachezewa, mama. Ubongo wako uliishi na titi lile miaka mingi, haujalisahau. Hata mtu aliyekatwa mguu husikia mguu ule unauma. Jambo hili linajulikana sana hospitalini.

MAMA: Kumbe! Kwa hiyo ni mawazo yangu tu?

MUUGUZI: Hapana. Maumivu yako ni ya kweli kabisa. Ila hayana maana kwamba mkono unaharibika. Daktari alikupima mwezi uliopita, akasema hakuna kansa wala usaha. Je, mkono unautumia?

MAMA: Siutumii. Tangu nitoke hospitali naufunga kwa kanga shingoni, usije ukadhurika.

MUUGUZI: Hebu uinue taratibu, nione.

MAMA: Unaishia hapa. Haufiki hata begani.

MUUGUZI: Unaona, mama? Bawaba ya mlango usiofunguliwa huota kutu. Bega nalo ni hivyo hivyo. Kupumzika siku chache baada ya kupasuliwa ni vizuri. Kupumzisha mkono miaka miwili kunaongeza maumivu.

MAMA: Haya. Lakini mwanangu, baba watoto anasema huu ni uvivu. Anataka kuliuza shamba la bondeni, eti halina mtu wa kulilima. Shamba lile ndilo linalosomesha watoto.

MUUGUZI: Njoo naye Alhamisi, tuzungumze wote watatu. Kabla ya kuuza shamba, tupange kwanza namna ya kuurudisha mkono kazini.

MAZOEZI MATANO YA NYUMBANI

Kama umepasuliwa hivi karibuni, uliza kwanza hospitali uanze lini. Kama kidonda kimepona na daktari ameruhusu, fanya mazoezi haya mara 2 kwa siku. Kila zoezi rudia mara 5 mwanzoni. Baadaye fika mara 10.

Zoezi la 1: Kupumua. Kaa kwenye kigoda, mabega yalegee. Vuta hewa polepole kwa pua mpaka tumbo lijae. Itoe polepole kwa mdomo. Zoezi hili humtuliza yule mbwa.

Zoezi la 2: Mabega. Yapandishe kuelekea masikioni, yashushe. Kisha yazungushe kwenda nyuma.

Zoezi la 3: Mgongo. Kaa wima. Vuta mabega yote mawili nyuma, kama unayetaka mifupa ya mgongoni ikutane. Hesabu mpaka 5, legeza.

Zoezi la 4: Fimbo. Lala chali mkekani. Shika fimbo au mpini wa fagio kwa mikono miwili. Inua fimbo kuelekea kichwani, ukiuacha mkono mzima uusaidie ule unaouma. Fika pale ngozi inapovutika, hesabu mpaka 5, rudi.

Zoezi la 5: Ukuta. Simama ukitazama ukuta. Tembeza vidole juu ya ukuta kama buibui anayepanda. Ukifika mwisho, piga alama ya mkaa. Kila wiki tazama kama alama imepanda.

Kusikia ngozi inavutika si hatari. Lakini usijilazimishe mpaka machozi yatoke. Kipimo ni hiki: maumivu yakipanda kidogo wakati wa zoezi, na kesho asubuhi yamerudi palepale, umefanya sawa. Yakiwa yamezidi mpaka kesho yake, ulizidisha. Basi punguza, lakini usiache.

Zamani akina mama waliotolewa tezi za kwapani walikatazwa kunyanyua kitu chochote kizito maisha yao yote. Siku hizi tunajua zaidi. Utafiti uliotangazwa Marekani mwaka 2009 ulionyesha kwamba kunyanyua uzito unaoongezwa kidogo kidogo, kwa kufundishwa, hakukuzidisha uvimbe wa mkono. Kwa hiyo ndoo ya maji si adui. Ila usianze na ndoo iliyojaa. Anza na kidumu kidogo.

HESABU YA MATUTA

Akina mama wengi hufanya kosa moja. Siku wanapojisikia nafuu, wanalima matuta 10 kwa mkupuo, ili kufidia. Kesho yake hawaamki. Wanalala siku 4. Wakipata nafuu tena, wanafanya vilevile. Hivyo mwili haujifunzi, na yule mbwa anazidi kuogopa.

Fanya hivi. Tafuta kwanza kiasi ambacho hakikuletei shida kesho yake. Tuseme maumivu hupanda ukifika tuta la 4. Basi wewe ishia tuta la 3. Lima matuta 3 siku ukijisikia vizuri, na matuta 3 siku ukijisikia vibaya kidogo. Pumzika kabla mwili haujakulazimisha. Wiki ijayo ongeza tuta 1.

Haya, tupige hesabu. Mama anaanza na matuta 3 kwa siku. Kila wiki anaongeza tuta 1. Atafikia matuta 10 baada ya wiki ngapi?

10 − 3 = 7. Jibu ni wiki 7.

Mwili haufuati hesabu sawasawa. Iko wiki ambayo utabaki palepale. Si neno. Haba na haba hujaza kibaba. Na hesabu hii haihusu jembe tu. Itumie pia kwa kutwanga, kufua, kuchota maji, kukata kuni na kumbeba mtoto.

DAFTARI LA MAUMIVU

Hapa ndipo elimu yako ya kusoma na kuandika inapofanya kazi. Chukua daftari la kawaida. Kila jioni andika mstari mmoja. Maumivu yape alama kuanzia 0 hadi 10. Alama 0 ni kutoumwa kabisa. Alama 10 ni maumivu makali kuliko yote unayoweza kuyafikiria.

Mfano:

Jumatatu. Matuta 3. Mazoezi mara 2. Maumivu 5. Nimelala vizuri.
Jumanne. Matuta 3. Mazoezi mara 2. Maumivu 5. Nimelala vizuri.
Jumatano. Nimefua nguo nyingi. Sikufanya mazoezi. Maumivu 8. Sikulala.
Alhamisi. Tuta 1. Mazoezi mara 1. Maumivu 6. Nimelala kidogo.

Ukisoma mistari hii, unaona nini? Unaona kwamba Jumatano kazi ilizidi. Bila daftari ungesema, "Maumivu yamekuja tu." Siku ya kliniki nenda na daftari lako. Daktari ana wagonjwa wengi na muda mfupi. Daftari litamweleza mambo ambayo wewe ungeyasahau.

KUHUSU DAWA

Mimi ni afisa elimu, si daktari. Dawa uliza hospitali au zahanati. Lakini yako mambo ambayo kila mtu apaswa kuyajua.

Parasetamoli husaidia baadhi ya maumivu. Mtu mzima asizidishe vidonge 8 vya miligramu 500 kwa saa 24, maana huharibu ini. Dawa kama diklofenaki, ambazo watu hununua dukani bila kuuliza, zikitumiwa muda mrefu huweza kutoboa tumbo na kudhuru figo.

Maumivu ya mishipa ya fahamu, yale ya kuchoma na kupiga shoti, mara nyingi hayasikii dawa hizo. Ziko dawa nyingine, kama amitriptilini, ambayo hutolewa kwa kiasi kidogo usiku. Dawa hiyo hutumika pia kwa ugonjwa wa huzuni. Ukipewa, usidhani daktari amekuona una wazimu. Anatuliza mishipa yako.

Usikubali kuchanjwa chale kwenye mkono au kifua upande uliotibiwa. Usikande kwa maji ya moto sehemu iliyokufa ganzi, kwa sababu utaungua bila kusikia. Mkono ule usafishe na kuupaka mafuta ngozi isipasuke. Ukikatwa na jembe au kuchomwa na mwiba, osha mara moja kwa maji na sabuni.

WAKATI GANI UKIMBILIE HOSPITALI?

Tumesema kwamba mara nyingi mbwa hubweka bure. Lakini iko siku fisi amekuja kweli. Usisubiri ukiona moja ya dalili hizi:

- uvimbe mpya kwenye kovu, kwapani, shingoni au kwenye titi la pili;
- mkono kuvimba ghafla, au kuwa mwekundu na wa moto, pamoja na homa;
- maumivu mapya ya mgongo au mifupa yanayozidi kila siku na kukuamsha usiku;
- miguu kuishiwa nguvu, au kushindwa kuzuia mkojo au choo;
- kubanwa na pumzi, au kukohoa kusikoisha;
- kichwa kuuma sana pamoja na kutapika, au kukonda bila sababu.

Na hata kama hakuna dalili hizi, usikose siku zako za kliniki.

FAMILIA IFANYE NINI?

Maumivu haya hayaonekani kwa macho. Mama anaonekana mzima, anakula, anacheka. Ndiyo maana watu humwita mvivu. Neno hilo linaumiza, na mtu mwenye uchungu moyoni mwili wake huuma zaidi.

Mume, usimwambie mkeo, "Lala tu, usifanye lolote." Wala usimwambie, "Inuka, unajidai." Mwambie, "Leo tunafanya matuta mangapi?" Halafu lima naye. Watoto wabebe ndoo kubwa, mama abebe ile ndogo. Usiku mwekee kanga iliyokunjwa chini ya mkono apate kulala vizuri. Na kama anaona haya mbele yako kwa sababu ya kovu, usiharakishe mambo. Zungumza naye kwa upole.

Akina mama waliotibiwa, tafutaneni. Katika kata moja mnaweza kuwa wawili au watatu. Kutaneni mara moja kwa wiki, fanyeni mazoezi pamoja, someaneni madaftari. Mwenye kovu humwelewa mwenye kovu.

MANENO MAPYA

Maumivu sugu: maumivu yanayodumu zaidi ya miezi 3.
Mshipa wa fahamu: uzi wa mwilini unaopeleka habari kwenye ubongo.
Tezi: vifuko vidogo vya mwilini, kama vile vya kwapani, vinavyosaidia kupambana na magonjwa.
Mionzi: miale isiyoonekana inayotumiwa kuua kansa.

MASWALI YA KUJADILI

1. Taja sababu tatu zinazofanya maumivu yabaki baada ya kansa ya titi kutibiwa.
2. Katika mfano wetu, mbwa ni nani? Fisi ni nani?
3. Kwa nini si vizuri kuufunga mkono kwa kanga miaka miwili?
4. Mama anaanza kubeba maji lita 2. Kila wiki anaongeza lita 1. Atafikia lita 10 baada ya wiki ngapi?
5. Je, baba wa kwenye mazungumzo aliuze shamba la bondeni? Toeni sababu.

ZOEZI LA KUANDIKA

Kama unaumwa, anza daftari lako leo jioni. Kama huumwi, msomee somo hili mama mmoja unayemfahamu ambaye hajui kusoma, kisha andika mistari mitatu juu ya yale aliyokuambia. Majina msiandike. Pelekeni kwa mwalimu wa kisomo.

Gazeti hili mkilimaliza, msifungie vitumbua. Likunjeni mliweke, au mpelekeeni jirani.